Chombo na Mwenye Chombo

Katika lugha yetu neno "chombo" limebebeshwa mizigo mingi. Sufuria ni chombo, jembe ni chombo cha kazi, jahazi ni chombo cha baharini, na redio na magazeti huitwa vyombo vya habari. Pamoja na tofauti zao, vitu hivi vyote vina sifa moja: havina nia. Nia ni ya mtu. Jembe halichagui shamba, wala sufuria haimwulizi mpishi anampikia nani. Ndiyo maana wazee wetu walipoliona shamba limelimwa vibaya hawakulilaumu jembe, walimtafuta mkulima.

Katika zama zetu kimeingia chombo ambacho sifa hiyo haikitoshi tena. Chombo hicho ni kompyuta pamoja na wanawe, yaani simu za mkononi na mitambo yote inayoendeshwa kwa programu. Swali ninalotaka tulitafakari ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi: je, mtu aweza kuitwa huru ikiwa maisha yake yanaendeshwa kwa chombo asichoweza kukifungua, kukitengeneza, wala kukikataa?

Niliingia katika utumishi wa umma wakati mlio wa taipureta ungali ukisikika ofisini. Taipureta ilikuwa mashine ya kigeni, lakini ilikuwa mtiifu. Ilipoharibika, fundi aliifungua mbele ya macho yetu, akabadilisha utepe au akanyoosha herufi iliyopinda. Iliandika barua ya mkurugenzi na ya tarishi kwa wino uleule, na kamwe haikumpelekea kiwanda aliyeiunda habari za yaliyoandikwa. Cherehani ya mshonaji na baiskeli ya mchuuzi ni vivyo hivyo. Aliyenunua ndiye mwenyewe. Aweza kuazima, kuuza, kurithisha, au kuvunja akitaka.

Kompyuta haiko hivyo. Yenyewe ni chuma kisichojua kitu mpaka kipewe maagizo, na maagizo hayo, ndiyo programu, huandikwa na mtu aliye mbali. Mtu huyo aweza kutia nia yake ndani ya maagizo, na aweza kuyabadilisha hata baada ya chombo kulipiwa na kufikishwa nyumbani. Kwa hiyo chombo kimoja kinakuwa na mabwana wawili: yule aliyekinunua na yule anayekiamrisha. Wahenga walikwisha kusema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mmoja hutawala, na katika jambo hili aghalabu hatawali mnunuzi.

Nchi yetu ililikabili swali hili mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuitia hesabu za Serikali ilitegemea mno wataalamu wa kigeni, na matunda yake hayakuwa yale yaliyotazamiwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pasipo kibali maalumu, na televisheni kadhalika. Baadaye marufuku hiyo ililegezwa, na hatimaye ikaachwa. Leo vijana wakisikia habari hiyo hucheka. Mimi naona wanaocheka wamelitazama jibu wakalisahau swali. Jibu la kufunga mlango lilituchelewesha, kwani watu wasiokishika chombo hawawezi kukijua. Lakini swali lililokuwa nyuma ya mlango ule lilikuwa la haki: nani ataiendesha mashine hii, nani ataitengeneza ikiharibika, na siku mwenyewe akiikasirikia nchi yetu tutafanyaje? Mlango tuliufungua, na ni vema. Ila tulipoufungua tuliliacha swali nje.

Yafaa kujua kwamba hata huko kompyuta zilikozaliwa watu waligombana juu ya jambo hilihili. Hapo mwanzo waandishi wengi wa programu, hasa katika vyuo, walipeana kazi zao kama majirani wapeanavyo moto. Mwaka 1976 kijana Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Microsoft, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta, akawalaumu kwamba wakinakili programu bila kulipa wanaiba jasho la mwandishi. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza nia ya kuunda mfumo mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaanzisha kiini kilichokuja kuitwa Linux, na kazi hizo mbili zikakutana. Programu za namna hiyo sisi tunaziita programu huria.

Siwatetei wezi. Jasho la mwandishi ni haki yake, na mimi ninayetunga mashairi najua uchungu wa kuiona kazi yako mikononi mwa mtu asiyekujua. Lakini kumlipa fundi ni jambo moja, na kumpa fundi ufunguo wa nyumba yako milele ni jambo jingine. Ukimlipa seremala akakutengenezea mlango, hubaki na haki ya kuingia usiku akaugeuza.

Mfano wa jambo hili ulionekana mwaka 2009. Kampuni ya Amazon ilikuwa imewauzia watu vitabu vya kusomwa kwa mashine yake iitwayo Kindle. Ilipogundulika kwamba aliyevitoa baadhi ya vitabu hivyo hakuwa na haki ya kuviuza, kampuni ilivifuta kutoka mbali, ndani ya mashine zilizokuwa mikononi mwa wasomaji, ikawarudishia fedha zao. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya George Orwell, kimojawapo kile tunachokijua kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Baadaye mkuu wa kampuni aliomba radhi. Radhi ni jambo la kiungwana, lakini haikuondoa uwezo wa kufuta. Methali yetu husema mpewa hapokonyeki. Katika ulimwengu huu mpya hata aliyenunua hupokonywa, akiwa amelala.

Uwezo huo ukitoka katika vitabu ukaingia katika siasa, hatari huwa kubwa zaidi. Mwezi Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, kampuni ya Facebook ilizifunga akaunti kadhaa ilizosema zilikuwa na uhusiano na wizara ya Serikali ya nchi hiyo. Serikali nayo ikajibu kwa kuifungia Facebook, na usiku wa kuamkia uchaguzi intaneti yote ikakatwa kwa siku kadhaa. Mwezi Juni mwaka uleule Twitter ilifuta maneno ya Rais wa Nigeria, na Serikali ya Nigeria ikausimamisha mtandao huo kwa muda wa miezi saba. Sina haja ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Nawatazama wale ambao hawakuulizwa: mama lishe aliyekuwa akipokea maagizo ya chakula kwa simu, mgonjwa aliyengojea fedha za dawa, mwanafunzi. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Wala tusimnyoshee jirani kidole, kwa sababu hapa kwetu pia mitandao ya kijamii ilizuiwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na intaneti ilikatwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani kwamba dawa ya ukubwa wa kampuni ni kuukabidhi ufunguo uleule kwa dola. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba njia kuu za uchumi zisiachwe mikononi mwa wachache. Fundisho hilo halijafa. Lakini Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliongeza fundisho la pili, kwamba kiongozi naye aweza kuwa bwana mwenye kiburi, na kwamba ni mwiko kwake kuwa hivyo. Minyororo haiwi myepesi kwa sababu aliyeishika ni ndugu yako. Chombo cha umma ni kile ambacho umma wenyewe waweza kukikagua. Nembo ya taifa ikibandikwa juu ya sanduku lililofungwa, sanduku hubaki limefungwa.

Najua nitajibiwa kwamba nalalamikia neema. Ni kweli kwamba tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na kwetu mwaka uliofuata, mama wa kijijini hupokea fedha za mwanawe bila kupanda basi. Ni kweli kwamba mkonga wa baharini uliofika Dar es Salaam mwaka 2009 uliisogeza dunia karibu nasi. Mwenye macho hawezi kuyakana hayo. Lakini neema haimzuii mtu kuuliza masharti yake. Anayekukopesha jembe amekufaa. Akikukopesha kwa sharti la kuhesabu kila tuta unalolima, na kumuuzia mtu mwingine hesabu hiyo, amekwisha kukuingiza katika mavuno yake. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba habari za watumiaji wa Facebook, ambao kampuni yenyewe ilikadiria kuwa huenda walifika milioni 87, ziliangukia mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyouza mbinu za kuwashawishi wapiga kura. Watu hao hawakuwa wamelipa senti moja kutumia Facebook. Wao wenyewe ndio waliokuwa bidhaa.

Na sasa bidhaa inayotafutwa ni lugha yenyewe. Katika miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikiongoza duniani kwa katani. Tuliuza singa kwa bei aliyoitaja mnunuzi, tukanunua kamba kwa bei aliyoitaja mwuzaji, na mara nyingi mwuzaji na mnunuzi walikuwa mtu mmoja. Leo mashine zinazoitwa za akili mnemba hufundishwa kwa maandishi ya wanadamu, Kiswahili kikiwamo. Maneno yaliyosukwa na manju, walimu na wachuuzi huchukuliwa kama singa, kisha hurudi kwetu kama kamba ya kulipiwa. Hata kazi ya mikono katika jambo hili imetufikia kwa upande wake mchungu. Mwaka 2023 jarida la Time la Marekani liliandika kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupambanua maandishi machafu ili mashine ya kampuni ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Mfinyanzi hulia gae.

Basi tufanye nini? Sitaki tuufunge mlango tena. Nataka tulirudishe ndani lile swali tuliloliacha nje, tuliulize kila tunapopokea chombo kipya. Swali hilo lina sehemu tatu.

Kwanza, je, chafunguka? Mafundi wa simu pale Kariakoo, wanaofungua kwa bisibisi kile ambacho mtengenezaji amekigandisha kwa gundi, wanatenda tendo la uhuru kila siku, ijapokuwa hawana shahada. Umoja wa Ulaya wenyewe ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kuwataka watengenezaji, kuanzia mwaka 2027, waunde vifaa ambavyo mtumiaji aweza kubadilisha betri yake. Ikiwa matajiri wameona haja hiyo, seuze sisi.

Pili, je, chasema lugha yetu kwa hiari yetu? Mwezi Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu hiyo ilikuwa huria. Hawakungoja mwenye mali aone kama Waswahili ni soko la kutosha. Kazi ile ilikuwa dogo kwa fedha na kubwa kwa maana, na yastahili kuendelezwa na vijana wetu.

Tatu, je, tukitaka kuhama, twaweza kuondoka na mali yetu? Jambo hili latuhusu hasa sisi watumishi wa umma. Jalada la mwaka 1962 likitolewa masijala leo, vumbi hupanguswa na kila ajuaye kusoma husoma. Lakini nimepata kuona visahani vya kompyuta vya miaka ya 1990 ambavyo hakuna mashine ofisini inayoweza kuvifungua, na maandishi yaliyomo yamekuwa kama yaliyozikwa. Taifa lisiloweza kusoma kumbukumbu zake mpaka lipewe ruhusa na kampuni ya ng'ambo limeweka rehani akili yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tuliyoitunga mwaka 2022 ni hatua njema kwa upande wa mtu mmoja mmoja. Kumbukumbu za umma nazo zihifadhiwe kwa namna ambayo kila mtu aweza kuisoma.

Kujitegemea hakukuwa kamwe kukataa cha mgeni. Jahazi letu lenyewe lina mbao za huku na mbinu za kule. Kilicholifanya liwe letu ni kwamba fundi wetu aliweza kulikalafati, na nahodha wetu aliweza kuligeuza. Namaliza kwa ubeti mmoja, kama ilivyo desturi yetu:

Chombo ukipewa chombo, uliza na uambiwe,
Fungua uone mambo, yaliyofichwa ujuwe,
Usivutwe kwa urembo, mtegoni usitiwe,
Nahodha wa chako chombo, hapana budi ni wewe.