Kanuni na Busara katika Kutua kwa Ndege Ndogo
Aristotle alifundisha kwamba busara ya vitendo, yaani uwezo wa kuamua vema katika hali mahususi, haiwezi kumezwa yote na kanuni, na mabishano ya marubani wa ndege ndogo aina ya Cessna 172 kuhusu flapu, vile vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoshushwa ili ndege iruke polepole pasipo kuanguka, yanaipa hoja hiyo uzito mkubwa. Wapo wanaoshikilia kutua daima kwa flapu zote, kwa kuwa nishati ya mgongano hupungua kwa mraba wa mwendo. Wengine huzipunguza upepo unapovuma kutoka ubavuni, ili ndege iitikie usukani vizuri zaidi. Mwongozo wenyewe wa ndege hiyo huagiza kwamba katika upepo mkali wa ubavuni zitumike flapu chache kadiri urefu wa uwanja unavyoruhusu, na hapo, jambo ambalo watetezi wa utiifu mtupu hulisahau, kanuni yenyewe inadai uamuzi. Hata watengenezaji walibadili msimamo: toleo la 172P la mwaka 1981 lilipunguza kikomo cha kushusha flapu kutoka nyuzi 40 hadi 30, na rubani aliyefundishwa sababu, si tarakimu peke yake, aliweza kurusha ndege za kabla na za baada ya badiliko hilo kwa usalama.