Breki za Bei Rahisi na Jirani wa Kiti cha Nyuma

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

Wiki hii tuulizane swali moja la gereji ambalo kwa kweli ni la kiroho: nikinunua spea ya bei rahisi, nimeokoa pesa zangu, au nimetumia usalama wa mtu mwingine?

Kwanza tuwe wa haki. Si kila spea isiyo na jina la kampuni iliyounda gari ni mbaya. Kuna viwanda vinavyotengeneza spea kwa jina lao wenyewe, na kazi yao ni safi. Shida ni ile duni, na zaidi ile feki: pakiti ina jina kubwa, ndani ni kitu kingine. Si mnajua vile fundi huuliza, "Mzee, tuweke orijino ama ile ingine?"

Sasa chukua pedi za breki. Kazi yake ni kubana diski na kugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Pedi duni inaweza kushika vizuri tu kwenye jam ya mjini. Lakini shuka nayo kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, gari limejaa, mguu uko kwenye breki muda mrefu. Ikishapata moto sana, inaacha kushika. Kasoro yake haionekani siku ya kununua. Inaonekana siku ya kuihitaji.

Nilisomea biashara, na kule tulifundishwa kwamba kuna gharama isiyoingia kwenye risiti, kwa sababu inalipwa na mtu ambaye hakuwa kwenye mapatano. Mwenye matatu ndiye anayebaki na akiba. Mama aliyekaa nyuma na mtoto, na mtu wa boda aliye mbele, ndio wanaobeba hatari. Nani aliwauliza?

Torati ililiona jambo hili mapema. Dari la nyumba lilikuwa mahali pa watu kupanda na kukaa, kwa hivyo mwenye kujenga aliagizwa alizungushie ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na damu ikahesabiwa juu ya nyumba hiyo. Nyumba ni yake, pesa ni zake, lakini hakuachiwa nafasi ya kusema ukuta ni ghali.

Utaniambia, "Pasta, hali ni ngumu, na karo inaningoja." Ni kweli. Na aliyeuziwa feki kwa bei ya orijino simhukumu. Dhambi hiyo ni ya muuzaji, awe ameokoka au hajaokoka. Lakini wewe unayejua, punguza gharama kwenye redio, rangi na kava za viti. Breki, tairi na usukani usiziguse. Kama pesa haijatosha, gari lilale kwanza.

Na ninyi mafundi na wenye maduka ya spea mlio kati yetu: mteja hajui kutofautisha. Anategemea jicho lako. Fungu la kumi halisafishi faida iliyotoka kwenye pakiti ya uongo.

Kabla ya Jumapili, muulize fundi wako alifunga breki gani mara ya mwisho, na uombe kuona pakiti na risiti. Gari la kanisa nalo tutalikagua vivyo hivyo, kwa maana linabeba watoto wenu.

Mungu awabariki.