Uchungu wa mwenzako unaujuaje?

KATIKA lugha yetu ya Kiswahili yapo maneno kadhaa ya kutaja mateso ya mwili, na kila moja lina mahali pake. Tukisema maumivu, tumetaja jambo la jumla. Tukisema kichomi, tumetaja maumivu makali ya kifuani au ubavuni, yanayomchoma mtu kila avutapo pumzi, na mara nyingi huwa ni dalili ya nimonia.

Lakini lipo neno jingine, uchungu, na hili lina mambo. Ni ladha ya mwarobaini na shubiri. Ni maumivu ya mama anayejifungua, na kwa neno hilo ndivyo tunavyosimulia habari ya Bibi Maryam katika Sura ya 19, alipokimbilia kwenye mtende. Ni huzuni ya aliyefiwa. Na zaidi ya hayo, uchungu ni kujali. Tunasema fulani ana uchungu na nchi yake, au hana uchungu na mali ya umma.

Hapa ndipo lilipo swali. Je, mtu anaweza kuwa na uchungu wa jambo lisilomuuma yeye mwenyewe? Wahenga wetu wanaelekea kukataa. Walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wakasema tena, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ndugu msomaji, miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja darasani kwangu aliniambia, "Ustadhi, nina kichomi, naomba ruhusa." Nikamtazama, nikadhani anatafuta njia ya kutoroka. Nikamwambia avumilie, kipindi kinakaribia kwisha. Jioni ile alilazwa hospitali. Alhamdulillah, alipona. Lakini somo langu siku hiyo lilikuwa ile hadithi iliyopokewa na Nu'man bin Bashir (r.a.), inayowafananisha waumini na mwili mmoja. Niliifafanua vizuri ubaoni, na mwenye kichomi amekaa mbele yangu.

Tangu hapo nimeirudia hadithi ile mara nyingi. Mtume (s.a.w.) hakusema kwamba viungo vyote huhisi maumivu yale yale ya kiungo kinachougua. Alitaja mambo mawili: mwili mzima hukesha na hupata homa. Jino likiuma, mguu hauhisi maumivu ya jino, lakini nao haulali. Kwa hiyo wahenga hawakukosea. Kichomi cha mwenzako huwezi kukihisi. Unachoweza, na unachotakiwa, ni kukesha naye.

Tumtazame Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) katika mwaka wa 18 Hijria, mwaka wa ukame uitwao Aamu Ramada. Alijinyima samli na nyama mpaka watu wapate, akala mafuta ya zeituni hadi tumbo likawa linamnguruma, huku akiagiza chakula kutoka Sham. Huo ndio uchungu kwa maana yake kamili: uligusa sahani yake, ukaleta nafaka kwa wenye njaa.

Leo kila anayeshika kipaza sauti ana uchungu. Ana uchungu na mayatima, ana uchungu na wagonjwa, ana uchungu na umma. Tuulizane: uchungu huo umetukosesha usingizi wa usiku gani? Umepunguza nini katika sahani zetu?

Na lipo funzo la pili, ambalo mimi nililipata kwa aibu. Ikiwa siwezi kuhisi maumivu ya mwenzangu, basi pia sina kipimo cha kuyakanusha. Mara ngapi tunasema mke anadeka, mtoto anasingizia, mfanyakazi mvivu? Tunatoa hukumu juu ya jambo ambalo macho yetu hayalioni. Anayesema anaumwa asikilizwe kwanza, kisha apelekwe kwa daktari, maana yeye ndiye mwenye kifaa cha kupimia. Akigundulika kuwa alidanganya, hasara yetu ni kipindi kimoja. Tukimkatalia naye ni mkweli, hasara inaweza kuwa roho ya mtu, na tutaulizwa.

Kijana yule hakuwahi kunilaumu. Lakini mwanafunzi akinyoosha mkono siku hizi na kusema anaumwa, naweka chaki chini.

Wallahu a'lam.