Je, mwandishi anapashwa kula kwa kalamu yake?

Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani: "Mwalimu, kama buku hailetei mwandishi feza, anaandika juu ya nini?" Tulijibu haraka, lakini jibu letu halikutushibisha sisi wenyewe.

Tuanze kwa wazee. Kwa ndugu zetu Wanyanga, upande wa Walikale, kuna hadisi ndefu ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee She-Karisi Rureke aliisimulia siku 12 mbele ya mchunguzi Daniel Biebuyck, naye Kahombo Mateene akasaidia kuitoa katika buku mwaka 1969. Msimuliaji wa namna ile hakuwa na mshahara. Alitafuta chakula chake kama wengine wa mugini. Lakini alipoimba na kucheza, wasikilizaji waliitikia, na pale pale wakamtolea zawadi: chakula, shanga ao feza. Hawakumnunua, walimshukuru.

Wengine wanasema mwandishi aishi kwa kalamu peke yake. Sisi tunaogopa. Wakati wa Zaïre tuliona vikundi vya animasio vikiimba kila siku sifa za mkubwa mmoja. Mwenye kulishwa na mkono mmoja anaimba jina moja. Jembe ao chaki inamuachia mwandishi mdomo wake.

Wengine wanasema kuandika ni zawadi ya Mungu, basi mwandishi asiombe kitu. Hii pia tunaikataa. Karatasi inauzwa, mafuta ya taa inauzwa. Mwalimu mwenzetu alikusanya hadisi za kwao, akazichapisha kwa feza yake mwenyewe. Kila rafiki aliomba moja ya bure, kiisha tukaketi pamoja na kulipiana bia. Ndiyo, tulikuwa pale, na yetu hatukuilipa mpaka leo. Yeye aliacha kuandika. Kati ya wazee waliomsimulia, wawili tumekwisha kuwazika, na hadisi walizobakisha hazikuandikwa.

Basi, tunaona hivi: mwandishi hapashwi kutajirika kwa buku, wala kuishi kwayo tu. Lakini anayesikiliza ana deni. Wazee walilipa kabla msimuliaji hajamaliza. Sisi tunangoja mpaka anyamaze, kiisha tunalalamika kwamba mila inapotea.

Mwanafunzi wetu akituuliza tena, tutamrudishia ulizo: na wewe msomaji, umetoa nini?