Ushindi Mmoja Haumpimi Mchezaji

Mtu aliyelipa kiingilio cha dola chache, akacheza poka mtandaoni kwa saa kadhaa na watu asiowaona, kisha akabaki peke yake na chipu zote, ana haki ya kufurahi. Amevumilia, amepiga hesabu, ametupa karata ambazo mwenye pupa angezing'ang'ania. Ninachokipinga ni lile analojiambia kesho yake, kwamba sasa anaujua mchezo. Shindano halikosi mshindi. Waketi watu mia waliofundishwa sheria jana tu, bado mmoja wao ataondoka na zawadi ya kwanza.

Hesabu yenyewe inashangaza. Katika shindano la watu 100 wanaolingana uwezo, kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 100. Akiingia mashindano 50 ya namna hiyo, uwezekano wa kushinda angalau moja unakaribia asilimia 40, na hajamzidi mtu yeyote kwa lolote. Mchukue sasa aliye bora kweli, mwenye nafasi maradufu ya wenzake: baada ya mashindano hayo hayo 50, uwezekano kwamba hajashinda hata moja ni asilimia 36 hivi. Kwa hiyo wa kawaida anaweza kuwa anasherehekea huku hodari akijiuliza amekosea wapi. Chanzo kimo ndani ya mchezo. Ree mbili, mwanzo bora kuliko wote, zikikutana na jozi ya wafalme hushindwa karibu mara moja katika kila tano. Na anayeweka chipu zake zote mara tano, kila mara akiwa na nafasi ya asilimia 80, huvuka mitihani yote mitano mara moja tu katika kila tatu.

Mfano mkubwa ni wa Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, Marekani. Mwaka 2003 alianza na shindano dogo la mtandaoni la kiingilio cha dola 86, akaishia kupata nafasi ya kucheza fainali za dunia Las Vegas, ambako wengine walilipa dola 10,000. Waliingia watu 839. Akawashinda wote na kupata dola milioni 2.5. Walipobaki kumi alikabiliana na mchezaji mwenzake Phil Ivey, na kabla ya karata ya mwisho Ivey alikuwa mbele. Kati ya karata 44 ambazo hazijaonekana, ni 7 tu zingeweza kumwokoa Moneymaker. Ikaja ree, mojawapo ya hizo saba, na Ivey akatoka. Baadaye, wamebaki wawili, Moneymaker aliweka chipu zote akiwa hana hata jozi, na Sam Farha, mwenye jozi ya tisa, akatupa karata zake. Ujasiri ule ulikuwa wake mwenyewe, nami nauheshimu sana. Ile ree haikuwa kazi yake. Taji linabeba yote mawili, wala halisemi kipi kilitoka wapi. Watazamaji waliona taji. Mwaka 2004 wakaingia watu 2,576, na 2006 wakafika 8,773.

Ataniuliza mtu: ikiwa ni hivyo, mbona wapo wanaoishi kwa mchezo huu mwaka hadi mwaka? Wapo, na ndio wanaoithibitisha hoja yangu. Ubora wao unaonekana katika maelfu ya mashindano, si katika usiku mmoja. Mwingine atasema kamari ni kamari, haina cha ubora wala uamuzi. Anayeikataa kwa sababu ya dini yake sina neno naye. Msimamo wake hauhitaji hesabu zangu. Ila kusema kwamba uamuzi hauna kazi mezani si kweli: anayejua lini atupe karata hupoteza kidogo pale mwenzake anapopoteza vyote, na tofauti hiyo hujikusanya polepole.

Madhara huja baada ya sherehe. Aliyeshinda kwa kiingilio cha dola 5 huona amepanda daraja, akaingia meza za dola 50, dhidi ya watu wenye uzoefu mwingi, akiwa na ushahidi wa siku moja mkononi. Kwetu pia, mkeka mmoja wa kubashiri mechi uliotiki humfanya kijana aongeze dau wiki inayofuata, ingawa yeye hana hata karata ya kutupa. Akishaweka dau, kilichobaki ni kungoja. Mchezaji wa poka ana njia ya kujikagua ambayo wengi hawaitumii: programu nyingi huhifadhi kumbukumbu ya kila mkono uliochezwa. Mshindi aisome kumbukumbu hiyo kabla ya kuongeza hata senti, aanze na ile mikono mikubwa iliyomwokoa, na katika kila mmoja aulize: chipu zilipoingia mezani, nani alikuwa mbele? Akikuta mara tatu alikuwa nyuma na karata ya mwisho ndiyo iliyomwokoa, zawadi aichukue kwa furaha, na abaki kwenye kiingilio kile kile.