Adabu ya Anayesugua Benchi

Jumapili iliyopita nilisimama kando ya uwanja wa shule ulio karibu na kwangu nikitazama vijana wa mtaa wakicheza. Kipindi cha pili kikiwa katikati, kocha alimtoa mtoto wa jirani yangu. Kijana akavua jezi pale pale, akaitupa miguuni pa kocha na kuondoka. Haikupita muda timu yake ikasawazisha. Wenzake wakarukiana kwa furaha; yeye alikuwa ameshafika barabarani.

Jioni nilimwita nyumbani. Sikutaka kumgombeza, maana mama yake alikuwa ameshaimaliza kazi hiyo. Nilimsimulia habari za mchezaji mmoja ambaye yeye hakuwahi kulisikia jina lake, Herculez Gomez. Nawasimulia na nyinyi, kwa sababu walionijia mwezi huu wakilalamika kwamba wamewekwa kando ni wengi, na wengi wao hawajawahi kugusa mpira.

Gomez alizaliwa Los Angeles mwaka 1982 katika familia yenye asili ya Mexico, akakulia Las Vegas. Mwaka 2005 akiwa na LA Galaxy alifunga bao pekee la fainali ya Kombe la Open la Marekani dhidi ya FC Dallas, na msimu huo huo Galaxy ikatwaa ubingwa wa ligi. Kijana wa miaka 23 mwenye vikombe viwili mkononi ana haki ya kuamini kwamba dunia imemfungulia mlango. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Akahamishiwa Colorado Rapids, kisha Kansas City Wizards, na mwishoni mwa mwaka 2009 mkataba ukaisha akiwa mtu wa akiba tu. Tena wakati ule, katika ligi ya Marekani, mkataba wako kuisha hakukukupa uhuru wa kuhamia timu yoyote ya ligi hiyo uliyoipenda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wenzangu. Sisi tumezoea kumwambia kila aliyeachwa nje kwamba subira huvuta heri, basi asubiri. Ni kweli, ila tukiishia hapo tunamdanganya. Gomez hakukaa Kansas City akisubiri huruma ya mtu. Mwanzoni mwa mwaka 2010 alikwenda Mexico kuichezea Puebla, klabu ambayo si ya matajiri wa nchi ile. Kwa kuwa ni mtoto wa Wamexico, hakuchukua nafasi ya mchezaji wa kigeni, na huo ulikuwa mlango wake. Alitumia alichoachiwa na wazazi wake. Kusubiri na kuganda ni mambo mawili. Ukiwa umeuliza kwa heshima kasoro yako, ukaifanyia kazi, na bado ukaona pale ulipo hapana nafasi yako, ondoka. Maliza mkataba wako, aga watu vizuri, nenda. Sioni aibu katika hilo.

Sasa tazameni kilichomkuta huko alikokwenda: benchi tena! Amevuka mpaka, amekwenda nchi ya wazee wake, na kocha anamwambia akae. Wangapi wetu tungevumilia benchi la pili? La kwanza mtu hulimeza, la pili ndilo linalomfanya aseme ana mkosi, au amerogwa. Gomez aliingizwa kipindi cha pili, akafunga. Akarudishwa benchi, akaingia tena, akafunga tena. Mashindano ya ligi ya Mexico ya nusu msimu ule, yaliyopewa jina la Bicentenario kwa kuwa Mexico ilikuwa ikitimiza miaka 200 tangu ianze kudai uhuru, yalipomalizika, alikuwa na mabao 10. Alilingana kileleni na Johan Fano wa Atlante na Javier Hernández, yule Chicharito aliyekuwa akihamia Manchester United. Akahesabiwa kuwa Mmarekani wa kwanza kuongoza kwa mabao katika ligi ya nchi nyingine.

Nilimwambia kijana hivi: benchi ni mahali pa kazi. Aliyeko uwanjani anamwona mtu anayemkaba tu. Wewe uliyeko nje unamwona beki wa kushoto aliyeanza kuburuta mguu, unamwona kipa anayeogopa mipira ya juu, unajua upande upi unavuja. Ukiitwa kwa dakika 20 unaingia na elimu ambayo wenzako hawana. Lakini aliyenuna haoni chochote. Amejiinamia anahesabu makosa ya kocha.

Mabao hayo ndiyo yaliyompeleka Afrika Kusini, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kufanyika katika bara letu. Kocha wa timu ya taifa ya Marekani, Bob Bradley, alimjumuisha katika wachezaji 23, na Brian Ching, mshambuliaji aliyeitumikia timu ya taifa kwa miaka, akaachwa. Ninalitaja hili kwa makusudi. Kila anayeitwa, yupo aliyebaki nyumbani, na siku ile furaha ikikujaa, mkumbuke huyo kabla hujafungua mdomo.

Mechi ya kwanza, dhidi ya Uingereza, Gomez hakuingizwa. Ya pili, dhidi ya Slovenia, akaingizwa dakika ya 80. Ya tatu, tarehe 23 Juni, jijini Pretoria dhidi ya Algeria, akaanza. Fikirini mtu aliyekuwa hana timu miezi sita tu iliyopita anaimba wimbo wa taifa akiwa katika kikosi cha kwanza cha Kombe la Dunia. Dakika 45 zikapita bila bao, na wakati wa mapumziko akatolewa. Marekani ilihitaji ushindi ili isonge mbele, na kwa kipindi kizima alitazama wengine wakiutafuta. Dakika ya 91 Landon Donovan akafunga. Marekani ikamaliza ikiwa kinara wa kundi, juu ya Uingereza.

Nilimwuliza kijana, kama Gomez angeitupa jezi miguuni pa kocha wakati ule wa mapumziko, bao lile angelishangilia akiwa wapi? Hakujibu. Nikaendelea, kwa sababu bado kuna siku moja. Tarehe 26 Juni, mjini Rustenburg, Marekani ilikutana na Ghana. Dakika 90 zikaisha 1-1, na dakika za nyongeza zilipoanza, Bradley alimwita Gomez aingie. Kocha hamwingizi mtu aliyenuna katika dakika kama hizo. Ghana ilishinda 2-1 kwa bao la Asamoah Gyan, na wengi wetu huku tulishangilia hadi sauti zikatukauka. Gomez alipoteza mechi, lakini aliipoteza akiwa ndani ya uwanja na wenzake.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Alizunguka klabu kadhaa za Mexico, na mwaka 2012 alitwaa ubingwa na Santos Laguna akicheza pamoja na Oribe Peralta. Mwaka huo huo alifunga kwa mpira wa adhabu Marekani ilipoifunga Jamaika 1-0 katika kufuzu Kombe la Dunia. Baadaye akarudi kaskazini, Toronto FC kisha Seattle Sounders, akatundika daluga na kuwa mchambuzi wa soka katika runinga ya ESPN. Hakuwa nyota mkubwa wa zama zake, nami sikumchagua kwa ajili hiyo. Nyota wakubwa hawana cha kumfundisha mtoto aliyetolewa nje.

Ninyi mnaokaimu vyeo miaka nenda rudi, ninyi dada mliorukwa akapewa cheo yule mliyemfundisha kazi, nisikilizeni. Uchungu wenu ni wa haki na sitawaambia mtabasamu. Nendeni mkaulize, tena kwa maandishi. Tafuteni pengine kama hapo pamefungwa. Ila mpaka siku ya kuondoka, msiibebe chuki hadi kwenye kazi yenyewe. Mgonjwa aliye mbele yako, mwanafunzi wako, mteja wako, hakukunyima cheo yeyote kati ya hao.

Na makocha, nanyi mna deni. Ukimtoa mtoto, mwambie sababu, hata kwa sentensi moja, mechi ikiisha. Ukimya wa mkubwa ndio unaozaa nusu ya jezi zinazotupwa.

Kijana amekwenda kuomba radhi. Kocha amempokea, na amemwambia kwamba Jumapili hii ataanzia benchi. Atakuja. Nawaomba majirani zangu mtakaofika uwanjani, mkimwona amekaa pale, msimzomee.