Punda na Njiwa wa Fes

"Balak! Balak!" Yaani, pisha! Nilijibana ukutani, punda akapita na shehena ya ngozi mbichi iliyonikosa pua kidogo tu. Hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza ndani ya kuta za Fes, Moroko. Vichochoro vya mji wa kale ni maelfu, na vingine hampishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Gari haliingii. Kazi ya lori hufanywa na punda, tena bila honi.

Niliingia kwa lango la Bab Boujloud, vigae vyake buluu kwa nje, kijani kwa ndani. Wageni hulipiga picha wakidhani lina umri wa mji. Kumbe ni la 1913, na mji ulianza mwishoni mwa karne ya 8, kando ya mto. Mto huo uligawanywa kwa mifereji ukafika misikitini, hamamuni, majumbani, na hatimaye Chouara, wanakotengeneza ngozi.

Hapo nilikaa sana. Unapandishwa kwenye roshani, unapewa kishada cha nanaa ukishike puani, na baada ya nukta chache unaelewa kwa nini. Chini kuna mashimo ya mawe, mengi kama sega la nyuki: meupe, mekundu, ya manjano. Mafundi wamezama hadi mapajani. Katika yale meupe kuna chokaa na mavi ya njiwa. Ndiyo, mavi ya njiwa! Chokaa hulegeza manyoya, na ukali ulio katika kinyesi hulainisha ngozi mpaka ikubali rangi. Ndege anadonoa nafaka, anadondosha uchafu, na ndani ya uchafu ule Muumba ameweka dawa ya kulegeza ngozi ya ng'ombe. Mimi nyumbani huwafukuza njiwa juu ya bati. Nilimtazama kijana mmoja akikanyaga ngozi kwa miguu mitupu, nikaona haya kidogo.

Msikiti wa Qarawiyyin, ambao mapokeo yanasema uliasisiwa na Fatima al-Fihri mwaka 859, niliuchungulia mlangoni tu, kwa kuwa asiye Mwislamu haingii. Niliona ua mweupe, na mtu akitawadha taratibu, maji yakimtiririka viwikoni. Yalikuwa maji ya kisima au ya mto, sikuuliza. Ni katika mji huu pia msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsimulia mwandishi wa sultani safari zake, na simulizi likakamilika 1355. Sifa za Kilwa ziliandikwa karibu na harufu hii ya ngozi.

Jioni nilipotea. Mzee muuza zeituni akanielekeza kwa kidole juu: mji uko bondeni, ukitaka lango, panda. Mbele yangu punda asiye na mzigo alikuwa akipanda kwa mwendo wa anayejua kwake. Nikamfuata.